Mbele ya kufungua motere, tazama kiungo



Tunaanza na kosa letu wenyewe. Ndugu mmoja wa darasa letu alipata kutoka kwa mjomba wake aliyeishi Ubelgiji sanduku la treni ya kuchezea: reli, transfo, mavagoni sita, na vichwa viwili vya mashini ya mvuke. Kila kichwa kilikuwa na tenda yake nyuma. Alileta kichwa cha kwanza shuleni, tukapanga reli juu ya meza ya laboratwari, tukawasha. Treni ikaenda kidogo, ikasimama. Ukiigusa kwa kidole inaenda. Ukitosha kidole inasimama.

Mmoja wetu akasema: «Motere imekufa.» Hakuna aliyemwuliza: umejua namna gani? Tukaleta turnevisi, tukafungua kila kitu. Resoro mbili ndogo zinazosukuma makaa ya motere zikaruka. Moja hatukuiona hata leo. Kiisha mwalimu wa fizika akaingia. Akashika tenda kwa vidole viwili, akaitikisa, akasema: «Wanangu, ugonjwa ulikuwa hapa. Motere ilikuwa nzima. Ninyi ndio mmeiua.»

Mwenye treni hakusema neno. Akafunga vile vipande ndani ya karatasi, akaenda navyo nyumbani. Mjomba wake alifariki mwaka ule ule, hivi hakuna tena mtu wa kumtumia nyingine.

Mwaka huu alileta kichwa cha pili. Kilikuwa na ugonjwa ule ule. Alitupa ruhusa ya kukitengeneza kwa sharti moja: «Hakuna mtu kugusa motere mbele ya kunionyesha kwamba ni motere.» Sharti hilo ni hekima, na makala haya ni habari ya namna tulivyolitimiza.

1. TENDA NI KITU GANI?

Mashini ya mvuke inakula vitu viwili: makaa (au kuni) na maji. Mashini ndogo zinabeba chakula hicho juu ya mgongo wao wenyewe. Zile za safari ndefu zinakivuta nyuma, ndani ya gari lake la pekee. Gari hilo ndilo tenda. Wazee wetu wa Katanga waliziona sana, maana reli ilifika Élisabethville, leo Lubumbashi, mwaka 1910, na kwa miaka mingi kazi yote ya kuvuta ilikuwa ya mvuke.

Kati ya mashini na tenda mna kiungo. Usikidharau. Katika mashini kubwa kiungo hicho kina kazi nyingi pamoja: chuma kinene kinavuta tenda na treni yote, mipira inapitisha maji, resoro zenye nguvu zinashika magari mawili yasigongane wala yasiachane. Waingereza waliongeza kazi nyingine mwaka 1928, wakati treni yao iitwayo Flying Scotsman ilipoanza kwenda toka London mpaka Edinburgh, kilometa zaidi ya 630, pasipo kusimama. Kundi moja la wafanyakazi lisingeweza kumaliza safari hiyo bila kuchoka. Basi walitengeneza tenda yenye njia nyembamba ndani yake, na katikati ya safari dereva na mchochezi wa pili walipita mle kutoka behewani, kwenda kuwapokea wenzao.

Hivyo kiungo ni mahali ambapo kazi mingi zinakutana. Na mahali kazi mingi zinakutana, ndipo ugonjwa unapenda kukaa.

2. KAZI MBILI ZA KIUNGO CHA TRENI NDOGO

Tuje sasa kwa treni ya mezani. Yetu ni ya kipimo kiitwacho H0, maana yake kila kitu kimepunguzwa mara 87, na reli zake mbili ziko mbali kwa milimeta 16,5. Inatembea kwa umeme wa volti 12, ule usiobadilika-badilika. Reli moja inabeba upande wa +, reli ya pili upande wa −.

Ukurasa huu hauna picha, basi chukua kalamu, uchore pamoja nasi. Chora reli mbili. Juu yake weka kichwa, na nyuma yake tenda. Katika mifano mingi ya namna hii magurudumu ya kichwa yanachukua umeme kwenye reli ya kuume tu; yale ya kushoto yametengwa na plastiki ndogo. Magurudumu ya tenda yanafanya kinyume: yanachukua kwenye reli ya kushoto tu. Motere iko ndani ya kichwa. Upande mmoja wa umeme umeifikia kwa njia ya mwili wa kichwa. Lakini upande wa pili uko nyuma, kwenye tenda. Utafika kwa motere kwa njia gani?

Kwa njia ya kiungo. Hakuna nyingine. Kile chuma kidogo cha kuvutia, chenye tundu linaloingia ndani ya pini, ndicho pia waya. Kinavuta tenda, na wakati ule ule kinaleta umeme.

Sasa fikiri vizuri. Kusudi treni ipite ndani ya kona, chuma hicho lazima kigeuke juu ya pini. Kwa hiyo tundu lazima liwe kubwa kidogo kupita pini. Lakini kusudi umeme upite vema, chuma na pini lazima vishikane sana. Kazi ya kwanza inasema: «Legea!» Ya pili inasema: «Kaza!» Mtumishi mmoja ana mabwana wawili. Wakati treni ni mpya, resoro ndogo juu ya pini inawapatanisha. Kiisha pini inachakaa, tundu linakuwa kama yai, mafuta na vumbi vinaingia, resoro inachoka. Ndipo umeme unapita kwa kuruka-ruka, na kila mruko unatoa cheche ndogo inayochoma chuma na kukifanya cheusi zaidi. Ugonjwa unajilisha wenyewe.

3. ALAMA ZA UGONJWA

Utajua namna gani kama ni kiungo, si motere? Hizi ndizo alama tulizoziona:

(a) Ukibonyeza tenda kwa kidole, au ukiivuta kidogo kwa nyuma, treni inaondoka.

(b) Inatembea vizuri mahali palipo sawa, inasimama ndani ya kona. Kwa kona chuma kinahama juu ya pini.

(c) Ikivuta mavagoni mengi inakwenda vema. Ikiwa peke yake inaruka-ruka. Watu wanashangaa kwa alama hii, lakini iko wazi: uzito wa mavagoni unavuta chuma na kukikaza juu ya pini. Pasipo uzito, kinacheza.

(d) Ikienda mbele ni sawa, ikirudi nyuma inakataa. Sababu ni ile ile.

Motere mbaya haina tabia hizi. Motere iliyokufa imekufa mbele na nyuma, kwenye kona na mahali sawa, na kidole chako juu ya tenda hakitaifufua.

4. TUPIME, TUSIBAHATISHE

Jaribio la kwanza. Tosha tenda. Chukua mabuye manne ya tochi ya volti 1,5, uyapange moja nyuma ya lingine. Utapata volti 6. Kwa nyuzi mbili gusa sehemu mbili ambapo umeme unaingia ndani ya motere. Ikizunguka vizuri, iko nzima: iache. (Angalisho: kama treni yako ni ya kisasa, yenye sahani ya elektroniki ndani, usifanye hivi, unaweza kuichoma ile sahani. Tena treni za Märklin zenye reli tatu zina mpango mwingine wa umeme, hatuzisemi hapa.)

Tulipofanya hivi, motere yetu iliimba. Mwenye treni akapumua kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Jaribio la pili. Rudisha tenda, weka treni juu ya reli, fungua transfo katikati. Chukua waya mfupi, upande mmoja uguse mwili wa tenda, upande wa pili uguse pale umeme wa tenda unapoingia ndani ya motere. Maana yake umeruka kiungo. Kama sasa treni inataka kukimbia pasipo kusita, kesi imekwisha: mwenye kosa ni kiungo.

Jaribio la tatu, kwa wenye multimetre. Ipange kwa om. Fimbo moja juu ya mwili wa tenda, ya pili juu ya ule waya unaotoka kwa kiungo kwenda kwa motere. Tikisa tenda polepole. Namba inapaswa kukaa karibu na 0. Yetu ilicheza kama panzi.

Kwa nini om chache zinaharibu mambo hivyo? Wale wa mwaka wa nne wanajua: U = R × I. Tuseme motere inataka ampere 0,3, na kiungo kichafu kina om 20. Zidisha: 20 × 0,3 = volti 6. Kiungo peke yake kinakula nusu ya volti 12 zako! Motere inabaki na nusu ya chakula, na watu wanaiita mvivu.

5. KUTENGENEZA

Tandika kitambaa cheupe juu ya meza kusudi visi zisipotee. Tosha umeme kabisa. Kiisha fuata hatua hizi.

Hatua ya kwanza: kusafisha. Fungua visi ya kiungo na uangalie sana mpango wa rondele: ipi ya chuma, ipi ya plastiki, ipi ilikuwa juu, ipi chini. Andika. Safisha pini na tundu kwa kitambaa chenye alkoli mpaka weusi uishe. Ukiwa na karatasi ya msasa laini kabisa, pitisha mara mbili tatu, basi. Usitie mafuta pale. Mafuta yanafaa kwa ekseli, lakini kwa kiungo cha umeme yanakusanya vumbi.

Hatua ya pili: kutazama resoro. Kama resoro juu ya pini imelala, ivute polepole irudi kwa urefu wake, au tafuta nyingine ndogo. Isiwe na nguvu nyingi, maana itainua magurudumu ya tenda na treni itaanguka ndani ya kona.

Hatua ya tatu: kutazama tundu. Kama limekuwa kama yai, weka rondele nyembamba ya shaba, au fanya chuma kingine cha kipimo kile kile. Vyuma vingine vina matundu mawili: moja linaleta tenda karibu na kichwa, la pili linaiacha mbali. Lile la karibu ni zuri kwa macho, linafaa kwa kona kubwa tu. Kwa kona ndogo, kama ile ya nusu-kipenyo cha milimeta 360, tumia la mbali. Vinginevyo tenda itagonga kichwa na kutoka njiani.

Sisi tulifika hapa, tukajaribu. Treni ilikuwa bora sana, lakini katika kona ya dirishani ilisita bado, kama mtu mwenye kwikwi. Wengine walisema: «Tukaze visi sana.» Tulikaza. Ikawa treni haisiti tena, maana ilianguka chini ya reli! Chuma hakikugeuka. Tukalegeza upesi. Hapo ndipo tulielewa neno kubwa la makala haya: si vema kumlazimisha mtumishi mmoja kutumikia mabwana wawili. Wagawie kazi.

Hatua ya nne: kumpa umeme njia yake. Tulichukua waya laini sana, ule wenye nyuzi nyingi ndogo ndani, kutoka redio iliyokufa. Waya mgumu wa nyuzi moja haufai: utasukuma tenda nje ya reli, na nyuma ya siku chache utakatika. Upande wa tenda tulifanya kitanzi, tukakibana chini ya visi inayoshika chuma cha kuvutia. Upande wa kichwa tuliusude juu ya ule waya wa zamani unaotoka kwa kiungo kwenda kwa motere. Chuma cha kusudea kiwe cha moto kweli, kiguse kwa muda mfupi, sekunde mbili hivi. Ukikawia, plastiki ya karibu itayeyuka.

Urefu wa waya ni jambo la kupima, si la kukisia. Weka treni ndani ya kona iliyo ndogo kupita zote, kwanza kwa kuume, kiisha kwa kushoto. Waya usikazwe hata kidogo. Lakini usiwe mrefu hata kuning'inia juu ya reli au kuingia ndani ya magurudumu. Ukipenda kutenganisha tenda siku nyingine, weka kiunganisho kidogo cha kuchomeka katikati ya waya.

Sasa chuma kinavuta tu, nacho kinaweza kulegea jinsi kona inavyotaka. Waya unaleta umeme tu. Kila mmoja na kazi yake.

6. MAMBO TUNAYOKUKATAZA

Usitie gundi juu ya kiungo. Gundi haipitishi umeme, na kiungo kisichogeuka si kiungo tena.

Usiweke chuma mahali pa plastiki pasipo kujua sababu. Mwili wa kichwa ni wa upande mmoja wa umeme, mwili wa tenda ni wa upande wa pili. Ndiyo maana kwenye kiungo muna rondele ya plastiki inayotenga. Ukiitosha, au ukibadilisha chuma cha plastiki kilichovunjika kwa msumari, pande mbili zinakutana pasipo kupita ndani ya motere. Hiyo ndiyo kursirkwi: transfo inakata, au nyuzi zinapata moto na kuyeyusha plastiki. Kabla ya kuwasha, pima tena kwa multimetre kati ya mwili wa kichwa na pini: pasiwe na njia ya moja kwa moja.

Usifungue transfo. Volti 12 za reli hazikudhuru mkono, lakini upande wa ndani mna volti 220 za nyumba, na hizo zinaua.

Usinyanyue kichwa huku tenda inaning'inia nyuma. Viungo vingi havikuharibika juu ya reli, viliharibika hewani. Nyanyua kwa mikono miwili, mkono mmoja kwa kila gari.

Usikate nyuzi za treni za kisasa zenye kichomeko cha nyuzi nyingi kati ya kichwa na tenda. Hizo zimekwisha kugawa kazi tangu kiwandani. Zikilegea, chomeka tena kwa kunyoosha, pasipo kupinda. Tena jua kwamba mifano mingine motere yake iko ndani ya tenda, na tenda ndiyo inayosukuma kichwa. Hapo kanuni ni ile ile, ila umeme unasafiri kinyume: kutoka kichwani kwenda nyuma.

KWA KUMALIZA

Jioni ile tuliweka treni juu ya reli. Mwenyewe ndiye aliyefungua transfo. Hatukuthubutu kumnyang'anya kazi hiyo. Ikaondoka polepole, peke yake, pasipo vagoni hata moja, ikaingia ndani ya kona ya dirishani. Wote tulinyamaza. Ikatoka upande wa pili. Ikazunguka mara ishirini, kiisha akairudisha nyuma mara ishirini. Halafu akasema: «Na ile ya kwanza tungeweza kuiponya vivi hivi.» Hakuna aliyemjibu, maana alisema kweli. Vile vipande bado viko ndani ya karatasi yake, na sasa tunatafuta resoro ndogo ya kipimo kile. Anayejua pa kuipata atuambie.

Ndugu msomaji, si kila mtu ana treni ya kuchezea. Lakini kila mtu ana redio inayonyamaza, tochi inayozima-zima, kinga inayoyumba. Mbele ya kusema «motere imekufa», tikisa kiungo.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini treni yenye kiungo kilicholegea inatembea vizuri zaidi ikivuta mavagoni?
2. Kiungo kina om 10, motere inachukua ampere 0,4. Motere inabaki na volti ngapi juu ya 12?
3. Rafiki yako anataka kuweka msumari mahali pa chuma cha plastiki kilichovunjika. Utamwambia nini, na utamwonyesha kwa kipimo gani?